Saa Thelathini

Nyuma ya bili ya umeme nimeipanga safari kwa penseli:
Jumapili Nelson, Jumatatu Westport, watoto wakaone sili,
Jumatano Hokitika, tupige hema karibu na bahari,
na chini kabisa, kwa herufi za mtu anayedokoa chunguni:
Alhamisi saa saba mchana
hadi Ijumaa saa moja usiku,
Mama mlimani.

Saa thelathini.
Sikupewa bure. Fraser atalala hadi saa nne asubuhi, siku mbili,
na mama yake, kule Wanaka, tutamkalia siku tatu badala ya moja,
nami nitaisifu keki yake ya tangawizi
bila kukunja uso.

Shamwa simjui ila kwa picha.
Mbuzi si mbuzi, swala si swala,
mstari mweusi toka jichoni hadi puani
kama aliyelia wanja ukamchuruzika.
Babu zake waliletwa kwa meli, kama babu zangu,
nao walitazama milima hii wakasema, haya, tutakaa.
Sijui kama hilo linatufanya ndugu
au linafanya jambo hili kuwa baya zaidi.

Mjomba Neville amenikopesha bunduki, na simu ya dakika arobaini:
"Ukimwona, usimtazame yeye. Tazama chini yake.
Ataangukia wapi? Kama miguu yako haifiki pale,
mwache ale nyasi, wewe kunywa chai.
Na mto ukiwa na rangi ya chai, usiuvuke.
Na Linley, usiwe shujaa, mashujaa ni wazito kubeba."

Kwa hiyo: gari liniache darajani.
Saa tatu za kupanda msituni, mizizi na matope,
hadi kibanda chenye vitanda vinne na jiko la kuni.
Nilale, kama usubi wataniruhusu.
Alfajiri niwe juu ya mstari wa miti,
nimekaa, darubini gotini, upepo usoni.
Nikae tu. Wanasema kazi yenyewe ndiyo hiyo,
kukaa mpaka jiwe mojawapo litembee.
Saa sita mchana, nimepata au sijapata, nigeuke.

Kibali ninacho. Kifaa cha kuitia msaada nimekodi.
Risasi kumi, ingawa Neville anasema mbili zinatosha
na ya tatu ni ya aibu.
Buti nimezivaa wiki nzima jikoni, nikipika, nikiosha vyombo,
Leith ananiita askari.

Upepo wa kaskazini-magharibi ukiingia, basi.
Mvua ya upande ule haina adabu, hainyeshi, inamwaga.
Hapo mpango wa pili: bwawa la maji moto, chipsi,
na mimi mtu mzima niliyenuna kwenye taulo.

Nilikuwa nahesabu kilo, mguu wa nyuma, mgongo,
nani atakula nini, barafu tutanunua wapi,
Briar akaja na maziwa yake, akasimama kwenye kiwiko changu.
"Mama, shamwa anajua kwamba unakuja Alhamisi?"

Nikasema wanyama hawana siku za wiki.
Akafikiri. Akasema, "Basi kwake ni leo tu."
Kisha, kwa kuwa ana miaka sita na neno lake limekwisha,
akachukua penseli akamchora pale pembeni ya Hokitika,
miguu mitano, pembe zimepinda mbele.

Zinapinda nyuma, nikamwambia, kama ndoana.
Akafuta. Akafuta tena, kwa nguvu, ulimi nje,
karatasi ikatoboka,
palepale penye Alhamisi.

Fraser aliuliza toka sebuleni kama mtungi wa gesi umejaa.
Nikasema umejaa. Sikuwa nimeupima.
Nilikuwa natafuta selotepu.